MTOTO MWENYE MANJANO NA AMANA YA BABA YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo matumboni kabla hayajazaliwa. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Mtu wa Pwani aliyehamia Ifakara kwa biashara ya mchele, na mkulima Mwislamu wa bonde la Kilombero aliyezaliwa huko huko, na mvuvi wa Kilwa ambaye hajapata kuliona bonde hilo, wote hao huweza kufikwa na jambo moja. Mtoto amezaliwa salama, ameadhiniwa sikioni, amepewa jina siku ya saba, kisha macho yake yakaingia manjano na manjano hayo yasitoke. Tabibu akimtazama asema kwamba ini la mtoto lina uvimbe. Akiulizwa kama atapona, hujibu kuwa huenda akapona na huenda asipone, wala hawezi kuapa kwa lolote katika hayo mawili. Hapo ndipo linapozuka swali: je, sharia imemlazimu baba kuhangaika, akauza na akakopa na akasafiri, kwa jambo ambalo mwisho wake haujulikani? Au yamtosha kusubiri na kumwachia Mola wake?

Wasemao kwamba yamtosha kusubiri si wajinga wote, wala hoja yao si ya kupuuzwa. Wao husema kuwa Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Majmu kwamba kujitibu ni jambo la kupendeza, si la faradhi, na kwamba mwenye kuacha dawa kwa ajili ya kumtegemea Mungu amefanya jambo la fadhila. Basi ikiwa dawa si faradhi hata pale inapojulikana kufaa, vipi iwe faradhi pale ambapo tabibu mwenyewe ana shaka? Hiyo ndiyo hoja yao, nayo yataka kujibiwa kwa fiqhi, si kwa kelele.

Lakini hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe, kwa hivyo yapasa kwanza maradhi haya yaelezwe.

Watoto wachanga wengi, zaidi ya nusu yao, huingia manjano katika juma la kwanza. Hayo mara nyingi si maradhi ya ini. Ni ini changa ambalo bado halijazoea kazi yake, na manjano hayo hutoka yenyewe kabla ya siku kumi na nne. Yakiwa makali sana huweza kuudhuru ubongo, na kwa hivyo nayo yataka kuonwa na tabibu. Manjano ya hatari katika mlango huu ni yale yanayobaki baada ya siku kumi na nne, na pamoja nayo mkojo ukawa mweusi-mweusi kama chai kavu na kutia doa katika winda, ilhali mkojo wa mtoto mchanga hauna rangi. Na choo kikawa cheupe kama chokaa au jivu. Weupe huo maana yake ni kwamba nyongo haifiki matumboni. Mama na bibi waufuao winda kila siku ndio wa kwanza kuona alama hiyo, na mara nyingi huiona majuma mengi kabla baba hajaambiwa. (Neno safura, ambalo watu wa Pwani hulitumia kwa ugonjwa wa kupungukiwa damu, asili yake katika Kiarabu ni umanjano wa nyongo, na maradhi ya manjano yenyewe matabibu wa Kiislamu waliyaita yarakani, na Ibn Sina, aliyekufa 1037, ameyaandika katika Kanuni.)

Sababu za uvimbe huu ni nyingi. Yako yatokanayo na kaswende ya mama, na dawa yake inajulikana. Yako ambayo tabibu hupima kila kipimo na asipate sababu. Na katika watoto wa namna hiyo wengi hupona, na ini likarudi hali yake katika mwaka wa kwanza au karibu yake, ila ikiwa mtoto aliyemtangulia kwa tumbo hilo hilo alipatwa vile vile, basi hapo matumaini hupungua. Na yako mengine yanayofanana na hayo kwa nje kabisa, lakini ndani si uvimbe peke yake: mirija ya kutolea nyongo imeziba au haipo. Huyo asipopasuliwa, wengi wa mfano wake hufa kabla ya kutimiza miaka miwili au mitatu. Alikuwa tabibu wa Kijapani, Morio Kasai, katika miaka ya 1950, aliyebuni njia ya kuuunga utumbo na ini lenyewe ili nyongo ipate pa kupita. Upasuaji huo hauponyi wote, na katika waliofanikiwa wako ambao baada ya miaka huhitaji ini jingine. Lakini una sharti moja ambalo ndilo kiini cha maneno haya: hufaa zaidi ukifanywa kabla ya siku ya sitini tangu kuzaliwa, na kila juma lipitalo humpunguzia mtoto sehemu yake.

Basi tabibu asemapo kwamba hajui mwisho, si kila mara ametoa jibu la mwisho. Mara nyingi maana ya neno lake ni kwamba bado hajajua mtoto huyu ni wa fungu gani katika mafungu hayo, na kujua huko kwahitaji kupimwa upesi. Ujinga wa jambo linaloweza kujulikana kesho si sawa na ujinga wa ghaibu ambayo haijui ila Mwenyezi Mungu. Wengi huyachanganya haya mawili, wakauita uvivu wa kupima kwa jina la tawakkul.

Sasa irudiwe hoja ya Imam Nawawi. Maneno yake ni kweli, lakini yamhusu mtu na mwili wake mwenyewe. Mgonjwa mwenye akili akichagua kuvumilia maradhi kwa kutaraji thawabu, ametoa kilicho chake. Mtoto wa siku ishirini hakuchagua kitu. Baba ni walii wake, na walii katika madhehebu ya Shafii hana ruhusa ya kutenda katika mali ya mtoto ila lenye maslaha kwa mtoto. Haijuzu kwake kuitoa sadaka mali ya mtoto, hata kama sadaka ni katika ibada zilizo bora, wala kuitoa hiba, wala kuikopesha pasipo dharura. Mtu akimtolea mwanawe mnazi mmoja kuwa sadaka kwa msikiti, ilhali mnazi ule ni urithi wa mtoto kutoka kwa mama yake, amefanya makosa na yampasa kuulipa. Ikiwa mnazi una heshima hiyo, basi vipi kuhusu ini? Subira ya baba juu ya maumivu ya baba ni fadhila. Subira ya baba juu ya mwili wa mwanawe, pale ambapo njia ya kuutengeneza ipo na inafikika, ni kutoa sadaka mali ya mtu mwingine.

Wala si kweli kwamba shaka huondoa wajibu. Karibu fiqhi yote imesimama juu ya dhana yenye nguvu. Msafiri hukielekea kibla kwa dhana, kadhi huhukumu kwa ushahidi wa watu wawili ambao wanaweza kukosea, na mfanyabiashara huuza na kununua kwa mali ya yatima kwa kutaraji faida ambayo hana ahadi nayo. Sayyidna Umar alipofika karibu na Shamu akaambiwa kuwa kuna tauni, hakujua kama yeye na watu wake wangepatwa. Alifuata dhana yenye nguvu akarudi, na alipolaumiwa kwamba anaikimbia kadari alijibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Aliyengoja yakini katika mambo ya mwili hatafanya lolote mpaka siku ya kuzika, kwani hapo ndipo yakini huja.

Sasa ije habari ya arobaini, kwa kuwa hapo ndipo watoto wengi hupotea, nao hupotezwa na watu wema. Ada ya Pwani, ambayo imekwenda pamoja na watu wa Pwani hata Kilombero, ni kwamba mzazi na mtoto wake hukaa ndani siku arobaini. Ada hiyo ina heri nyingi: mama hupumzika, hulishwa, hukandwa, na mtoto huepushwa na watu na upepo. Lakini hesabu yafaa ifanywe. Manjano yasipotoka, alama ya hatari huonekana siku ya kumi na tano. Mtoto akingojewa atoke arobaini, zimepita siku ishirini na tano. Kisha hupelekwa kwa mzee wa dawa za mizizi siku kadhaa, kisha hutafutwa nauli, kisha hospitali ya karibu, kisha vipimo. Huyo mtoto wa bonde huhitaji kusafirishwa mpaka kwa mabingwa wa upasuaji wa watoto katika hospitali kubwa kama Muhimbili, karibu kilomita 400 kutoka Ifakara. Siku ya sitini imemkuta njiani.

Na la ajabu ni kuwa arobaini hii haina nguvu yoyote katika sharia ya kumzuia mgonjwa. Nifasi kwa madhehebu ya Shafii uchache wake ni kitambo kidogo, na ada yake siku arobaini, na wingi wake siku sitini. Hizo ni hesabu za damu, kwa ajili ya sala na saumu na unyumba. Hakuna katika kitabu chochote cha fiqhi kwamba mwenye nifasi haruhusiwi kutoka nyumbani kumpeleka mwanawe kwa tabibu. Na mtu akitaka kukumbuka kwa wepesi, basi akumbuke kuwa kikomo cha nifasi kwa Shafii na kikomo chema cha upasuaji huo vimeangukia hesabu moja: mwanamke aliyengoja mpaka mwisho kabisa wa nifasi yake ndipo atoke, ametoka siku ambayo mlango wa mwanawe unafungwa.

Kilombero ina udhuru wake ambao mtu wa mjini asiufanyie dharau. Katika majira ya kilimo jamaa nyingi huhama nyumba zao wakakaa katika vibanda vya mashambani miezi kadhaa, karibu na mpunga wao, na masika yakiingia maji ya mto hutanda bondeni. Mwenye mtoto wa manjano huko ana dhiki ya kweli, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila aliwezalo. Lakini udhuru hupimwa kwa wakati wake. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita Ifakara. Na mto Kilombero, ambao watu wa Ulanga walikuwa wakiuvuka kwa pantoni kwa khofu kubwa, daraja lake lilifunguliwa mwaka 2018. Aliyekuwa na udhuru wa mto mwaka 2010 huenda leo hana.

Upande wa gharama, fiqhi imekwisha kusema. Nafaka ya mtoto juu ya baba mwenye uwezo ni ya kumtosheleza haja yake, na wanazuoni wa madhehebu wameingiza humo ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Akika ni sunna, na wakati wake kwa Shafii waendelea mpaka mtoto abaleghe. Kwa hivyo mwenye fedha za mbuzi wawili na mtoto mwenye choo cheupe, afanye safari kwanza, mbuzi watangoja. Kombe la zafarani na kisomo si vya kukatazwa, kwani Qurani ni shifaa, lakini visomwe njiani. Na kumnywesha mtoto wa majuma matatu maji ya mizizi isiyojulikana kipimo chake ni jambo la kuliogopa sana, kwa kuwa dawa hizo hupita katika ini lile lile lililokwisha kuumia.

Hubaki neno ambalo wanaume hulisema kwa sauti ya chini: kwamba hospitali kubwa ya Ifakara ni ya Mtakatifu Fransisko, ya wamisionari Wakatoliki, na kwamba nyumba ya utafiti iliyo jirani yake ilianzishwa mwaka 1957 na Mswisi, Rudolf Geigy wa Basel, nayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Je, neno la tabibu asiyekuwa Mwislamu hujenga wajibu juu ya Mwislamu? Mtume, rehema na amani zimfikie, alipohama Makka, roho yake na roho ya Abubakar zikiwa hatarini, aliajiri kiongozi wa njia ambaye bado alikuwa katika dini ya makureshi, kwa sababu alikuwa hodari wa njia na mwaminifu katika kazi. Ini la mtoto nalo ni njia, na yule aliyeisoma aulizwe. Na kwa kweli wengi wa matabibu na wauguzi wa leo ni watoto wa nchi hii, Waislamu na Wakristo pamoja, na khofu hii ni ya zamani kuliko watu wanaoogopewa.

Wajibu huu una mpaka, na mpaka wenyewe yafaa utajwe wazi ili baba asitwikwe asichotwikwa na Mungu. Mtoto akifikishwa kwa wajuzi, nao wakasema kwamba wakati umepita, au kwamba kisu hakitaongeza ila maumivu, basi wajibu wa kuhangaika umeanguka. Wala si dhambi kumrudisha nyumbani. Hapo huingia wajibu mwingine: kumlisha kwa namna waliyoelekeza, kumtuliza kuwashwa na maumivu, kumbeba. Na hapo ndipo subira aliyoitaja Imam Nawawi hupata mahali pake, baada ya sababu kumalizika, si kabla yake. Kuhusu kumkatia mtoto kipande cha ini la baba au mama, jambo ambalo limewezekana tangu 1989, Baraza la Fiqhi lililoko Jedda lilijuzisha upandikizaji wa viungo kwa masharti mwaka 1988. Lakini hilo lataka risala yake peke yake.

Fungu moja bado, nalo ndilo kubwa kwa hesabu ya watu, ingawa halina kelele. Ni mtoto aliyerithi kwa mama yake, wakati wa kuzaliwa, virusi vya ini vya namna ya B. Huyu mara nyingi hana manjano wala alama. Hunyonya, hunenepa, huhitimu juzuu. Lakini mtu mzima akipatwa na virusi hivyo, mwili wake huvishinda mara nyingi sana, na chini ya mmoja katika ishirini ndiye abakiye navyo. Mtoto aliyevipata siku ya kuzaliwa, tisa katika kumi hubaki navyo maisha. Kisha akiwa na miaka thelathini au arobaini, ana mke na watoto na duka, baadhi yao ini huwa gumu kama jiwe au hushikwa na saratani. Chanjo yake ipo. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002. Nalo Shirika la Afya Duniani tangu 2009 limeshauri dozi ya kwanza itolewe katika saa ishirini na nne za kuzaliwa, kwa kuwa hatari iliyo kubwa ni ya saa ile ya kuzaliwa, na mwaka 2020 likashauri pia dawa kwa mja mzito mwenye virusi vingi. Baba mwenye busara huuliza habari hizi mkewe angali na mimba, akapimwa mke na akapimwa yeye.

Apimwe na yeye, na neno hili halikuongezwa kwa kupamba. Wako waume ambao, mke akionekana na virusi, humwita mchafu na kumrudisha kwao, na huenda hata kumkana mtoto. Virusi hivi hupita kwa damu na kwa unyumba, na vilevile mtu huweza kuwa navyo tangu utoto kwa mama yake. Mke huyo huenda alizaliwa navyo. Huenda alivipata kwa mume huyo huyo anayemtukana. Kumsingizia zina kwa kipimo cha damu pasipo mashahidi wanne ni kadhfu, na adhabu yake katika Suratun Nuri inajulikana kwa kila aliyehudhuria darsa.

Mtoto huyo akikua na virusi vyake, ulezi wa baba haukomi kwa kuwa mtoto anacheza mpira. Humpeleka kupimwa kila mwaka kama atakavyoelekezwa, wala hamfichi ndugu zake, bali wao nao huchanjwa. Kisha huja siku ambayo wazee wengi huiogopa. Mtoto amebaleghe, anazungumziwa posa, na baba aona heri kunyamaza ili ndoa isivunjike. Maradhi haya si katika zile aibu ambazo kwa Shafii huvunja nikaha, na mchumba akiambiwa huweza kuchanjwa akawa salama. Zaidi ya hayo, siri hiyo si ya baba. Suratun Nisaa imeamrisha kwamba yatima akifikia umri na akaonekana ana rushdi, akabidhiwe mali yake na mashahidi wawekwe. Baba alikuwa ameshika ini la mwanawe kwa uwalii, na uwalii umekwisha. Basi amkalishe chini, amweleze jina la maradhi yake na alipoyapata na yafanyavyo, na lini na wapi hupimwa. Kisha amkabidhi kadi zake zote za hospitali, tangu ile ya kwanza, kama akabidhivyo hati ya shamba.

Wallahu aalam.